Kuungua ni Kuungana

Wahenga walisema moto huzaa jivu. Methali hiyo husemwa kwa masikitiko: baba alikuwa mtu wa kutajika, mwana ametoka hohehahe. Lakini ndani ya fumbo hilo mna dai la kemia ambalo hatulihoji, kwamba jivu ndilo zao la moto, ndicho kinachosalia moto ukishashiba. Kiswahili chenyewe kimeufanya moto kuwa mlaji. Moto unakula nyumba, unaramba makuti, unameza msitu. Mkaa unaisha, kuni zinateketea. Na ukilitazama jiko asubuhi, baada ya maharage ya jana kuiva, ushahidi unaonekana kuiunga mkono lugha: kopo zima la mkaa limegeuka unga wa kijivu unaoenea kiganjani. Kilo moja ya mkaa mzuri huacha jivu lisilofika hata sehemu ya kumi ya uzito ule. Sehemu tisa na ushei zimekwenda wapi? Jibu la mazoea ni kwamba zimeungua, kana kwamba kuungua ni mahali vitu vinapokwenda visirudi. Dai langu ni kinyume cha hilo: kuungua ni kuungana. Maneno hayo yanakaribiana kwa sauti, wala sisemi kwamba yametoka shina moja. Nasema tu kwamba bahati hiyo ya masikio inaeleza yanayotokea jikoni kwa usahihi kuliko methali. Moto hauli kitu. Moto ni kelele na mwanga wa vitu viwili vinavyokutana na kushikana, na tukishalikubali hilo, mengi tunayoyaamini kuhusu moshi, maji, chumvi na hata pumzi zetu itabidi tuyapange upya.

Mizani ilishatoa ushahidi huu karibu miaka 400 iliyopita, ila aliyeishika hakuusoma wote. Jan Baptist van Helmont, mganga na mkemia wa Brussels aliyefariki mwaka 1644, aliandika kwamba ratili 62 za mkaa wa mwaloni zikiungua huacha ratili 1 ya jivu. Ratili 61 zilizokosekana hakusema zimeangamia. Alisema zimekuwa kitu chepesi kisichoonekana wala kukubali kufungiwa chomboni, na kwa kuwa kitu hicho hakikuwa na jina, alikibunia moja kutokana na neno la Kigiriki la vurugu iliyotangulia ulimwengu: gas. Kila anayelalamika leo kwamba gesi imemwishia katikati ya kupika anatumia neno la mtu aliyekuwa akiutafuta mkaa uliopotea. Mtu huyo huyo alipanda mche wa mwerebi wenye ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti ulipong'olewa ulikuwa na ratili 169 na kidogo, na udongo ulipokaushwa tena ulikuwa umepungua wakia 2 tu hivi. Akahitimisha kwamba mti mzima umetokana na maji. Tazama mikono yake: mkono mmoja umeshika ratili 61 zilizotoka kwenye kuni zisijulikane ziliko, mwingine umeshika ratili 164 zilizoingia kwenye mti zisijulikane zilikotoka. Hakuileta pamoja mikono hiyo miwili. Kilichokuwa kikikosekana katika hesabu zote mbili kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kikiingia na kutoka puani mwake alipokuwa akiandika.

Kabla ya hesabu hizo kukutanishwa ulipita muda wa imani nyingine, nayo isidharauliwe. Wajerumani Johann Becher na Georg Stahl walifundisha kwamba kila kinachoungua kina asili ya moto ndani yake, iliyokuja kuitwa flojistoni, na kwamba kuungua ni kuitoa asili hiyo nje. Nadharia hiyo ililingana na macho: ndimi za moto zinaonekana kutoka ndani ya kuni, na mshumaa uliofunikwa kwa gilasi huzimika, eti kwa sababu hewa iliyomo imeshiba flojistoni haina tena pa kuiweka. Kilichoikwaza ni uzito wa madini. Risasi au bati likichomwa likawa unga, unga huo huwa mzito kuliko bati lenyewe. Kitu kimetoka, na kilichobaki kimeongezeka! Antoine Lavoisier wa Paris, ambaye riziki yake ilitoka katika kampuni ya kutoza kodi za mfalme, aliiendea kemia kama mtu anayefunga hesabu za mwezi: kilichoingia na kilichotoka lazima vilingane. Alichemsha zebaki kwa siku 12 katika chombo kilichofungwa pamoja na inchi 50 za ujazo za hewa. Magamba mekundu yakaelea juu ya zebaki, na hewa ikapungua karibu sehemu ya sita. Ile iliyosalia ilizima mshumaa. Kisha akayakusanya magamba, akayapasha moto mkali zaidi, nayo yakarudi kuwa zebaki na kutoa hewa karibu ile ile iliyokuwa imepotea, na katika hewa hiyo mshumaa uliwaka kwa kung'aa. Hewa ya namna hiyo Mwingereza Joseph Priestley alikuwa ameipata mwaka 1774, ila aliieleza kwa lugha ya flojistoni mpaka kifo chake. Lavoisier aliiita oksijeni. Hapo hesabu ilifungwa: unga ni mzito kwa sababu bati limepata mwenzake. Mwaka 1794 Lavoisier alikatwa kichwa pamoja na watoza kodi wenziwe, lakini daftari lake halijakutwa na kosa katika ukurasa huo.

Sasa rudisha hesabu hiyo jikoni. Gramu 12 za kaboni, ambayo ndiyo karibu mkaa wote, huungana na gramu 32 za oksijeni zikatoa gramu 44 za kaboni dayoksaidi, ile inayoitwa hewa ukaa. Kwa maneno mengine, kila kilo ya kaboni inayoungua barabara hutoa kilo 3 na theluthi mbili za hewa ukaa. Mlaji gani huyu ambaye mabaki ya mlo wake ni mazito kuliko chakula? Ratili 61 za van Helmont zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, kwa kuwa ziliondoka na wenzao. Nalo jivu, tuliloliita mtoto wa moto, ni nani? Ni kalisi, potasiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo mizizi iliyafyonza udongoni. Yalikuwamo ndani ya mti kabla kiberiti hakijawashwa. Moto haukuyazaa, uliyakuta. Mzaliwa halisi wa moto amepaa bila kuonekana, na sisi tumebaki kumlaumu baba kwa sababu ya mgeni aliyekutwa sebuleni.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vitu hivi vinatafutana. Jibu limo kwenye ukingo wa atomu. Kiini cha atomu ya kaboni kimezungukwa na elektroni 6, na 4 kati yao ziko ngazi ya nje. Oksijeni ina 8, na 6 ziko nje. Ngazi hiyo ya nje hutulia ikifikia 8. Kaboni na oksijeni hufikia kwa ubia: kila mmoja huweka elektroni zake mezani, zikahesabika kwa wote wawili. Wengine hawana subira ya ubia. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na moja inakaa peke yake nje. Klorini ina 17, na ngazi yake ya nje imepungukiwa na moja tu. Zikikutana, elektroni hiyo huhama moja kwa moja. Sodiamu iliyotoa hubaki na chaji chanya, klorini iliyopokea hupata chaji hasi, na kuanzia hapo si atomu tena, ni ioni, zinazovutana kwa sababu zimekuwa kinyume. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu na kulipuka majini. Humphry Davy aliitenga London kwa umeme mwaka 1807. Klorini ni gesi ya kijanikibichi iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ukiitia sodiamu yenye moto ndani ya klorini huwaka kwa mwanga wa manjano, na kinachotua chini ni unga mweupe unaofaa kutiwa kwenye mchuzi. Watu hupenda kuuita muungano huo ndoa, lakini mfano huo unavunjika ukiitazama punje ya chumvi kwa ndani. Hamna jozi humo. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na klorini 6 na kila klorini na sodiamu 6, wala hakuna awezaye kusema nani ni wa nani. Chumvi ni mtaa, nyumba kwa nyumba, hadi ukutani mwa punje.

Moto huo wa manjano unatufundisha jambo ambalo Lavoisier mwenyewe hakulifikia: kuungua si mali ya oksijeni peke yake. Oksijeni imejaa hewani, karibu asilimia 21, ndiyo maana tunakutana nayo katika kila jiko. Lakini popote elektroni zinapohama au kushirikiwa kwa kasi na kwa faida kubwa, moto unaweza kuwaka. Na kila muungano wa namna hiyo una jivu lake, kwa maana ya kile kilichokwisha kuungana kikatulia. Chumvi ni jivu la sodiamu. Maji ni jivu la haidrojeni. Ndiyo maana Lavoisier aliipa gesi hiyo jina lenye maana ya mzaa maji. Maji huuzima moto hasa kwa kuupoza na kuufunika, lakini yenyewe hayawezi kuwaka kwa sababu yameshaungua zamani. Mtu anayesimama ufukweni Bagamoyo au Lamu, basi, ametazamana na jivu mpaka mwisho wa macho. Sisemi kwamba bahari iliwahi kulipuka: chumvi yake imetokana na mawe yaliyoliwa na mvua na gesi zilizotoka chini ya ardhi, na ioni hizo zilikutana kwa njia nyingine kabisa. Nasema kwamba utulivu wake ni ule ule wa kitu kilichomaliza kuungana. Anayelidharau jivu na amwage maji ya mtungini kwanza.

Pingamizi la kwanza linatoka darasani. Vitabu vingi vinasema nishati imehifadhiwa ndani ya kuni, ndani ya miungano ya atomu zake, na moto huivunja miungano hiyo nishati ikatoka. Ikiwa hivyo, kuungua ni kuvunjika, na hoja yangu imeanguka. Tuipime kwa gesi ya Songo Songo, ile inayochimbwa pwani ya kusini ya Tanzania na kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Karibu yote ni methani, kaboni moja iliyoshikana na haidrojeni 4. Chukua gramu 16 zake. Kuivunja miungano yote ya kaboni na haidrojeni kunagharimu takriban kilojuli 1,650. Kuzitenganisha atomu za oksijeni zitakazohitajika, ambazo hewani hutembea mbili mbili, kunagharimu nyingine 1,000 hivi. Mpaka hapo hatujapata kitu, tumetumia tu. Kisha kaboni inaungana na oksijeni, na haidrojeni nayo, na miungano hiyo mipya inalipa takriban kilojuli 3,450. Toa mtaji kwenye mauzo, faida ni kama kilojuli 800, na faida hiyo ndiyo joto. Kuvunja ni gharama; malipo yako katika kuungana. Kuni hazina nishati mfukoni kama vile muuza samaki hana faida kabla ya mnunuzi kufika. Na kama ni lazima kumtafuta mwenye mchango mkubwa, oksijeni ina haki ya kutajwa kwanza, kwa kuwa muungano wa atomu zake mbili ni dhaifu ukilinganishwa na ile inayokwenda kuifunga. Naitrojeni, iliyojaa hewani asilimia 78, imeshikana kwa nguvu karibu mara mbili ya hiyo, na ndiyo maana hupita katikati ya jiko linalowaka na kutoka upande wa pili kama ilivyoingia.

Hoja hiyo hiyo inajibu swali la pili: ikiwa kaboni na oksijeni zinatamaniana hivyo, mbona gunia la mkaa linakaa dukani mwaka mzima, limezungukwa na hewa, lisiwake? Kwa sababu biashara yenye faida nayo inahitaji mtaji wa kuanzia. Miungano ya zamani lazima ilegezwe kwanza, na joto la kawaida la mchana halitoshi kuilegeza. Kiberiti ndicho mkopo wa mwanzo. Kichwani mwa njiti mna chumvi ya potasiamu, klorini na oksijeni, iliyojaa oksijeni tayari kutolewa. Ubavuni mwa kasha, kwenye ule utepe wa kahawia, mna fosforasi nyekundu. Ukisugua, msuguano unapasha punje chache tu za fosforasi, zinashikana na oksijeni ya kichwani, faida yake inakiwasha kichwa, kichwa kinauwasha mti, mti unaligeukia karatasi, na karatasi mkaa. Kila hatua inakopeshwa na iliyotangulia. Kuni mbichi zinasumbua kwa sababu hiyo hiyo: faida yote inaishia kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, na hakuna kinachobaki cha kukopesha ukuni wa pili. Kwamba moto unahitaji kuwashwa hakuonyeshi kuwa ni uharibifu. Kunaonyesha kuwa hakuna kinachoungana upya kabla hakijaachia kilichokuwa kimekishika.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka kwa wahunzi. Moto hutenganisha: huitoa metali kwenye jiwe, na ndiyo kazi yake ya kale katika ustaarabu wetu. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, kuna mabaki ya tanuri za chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita. Mawe yenye chuma yaliingia pamoja na mkaa, mivukuto ikapuliza, chuma kikatoka. Je, huko si kutenganisha? Tazama kilichokuwa ndani. Jiwe la chuma ni chuma ambacho kimeshikana na oksijeni. Mkaa ukiungua katikati ya tanuri lililoshonana, ambamo hewa haitoshi, kila kaboni hupata oksijeni 1 badala ya 2, ikawa kaboni monoksaidi, gesi iliyokaa nusu ya safari. Gesi hiyo inapopanda kati ya mawe hukipokonya chuma oksijeni yake na kuikamilisha safari. Chuma kinaachwa peke yake kwa sababu mwingine ameungana. Mhunzi hakuitenganisha jozi, aliipatia oksijeni mshirika inayemwelekea zaidi. Na chuma hakisahau. Panga likiachwa nje kwenye unyevu hurudia oksijeni polepole, bila mwanga, kwa faida ile ile iliyotawanywa katika miezi, na matokeo yake tunayaita kutu. Lavoisier aliliona hilo hata katika mwili: pamoja na Pierre-Simon Laplace, katika majira ya baridi ya mwaka 1782 hadi 1783, alimweka simbilisi kwenye chombo kilichozungushiwa barafu, akapima barafu iliyoyeyuka na hewa ukaa iliyotoka puani, akahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Ugali unaungua ndani ya mlaji wake kwa hatua ndogo ndogo, na joto la kiganja chako ni sehemu ya faida hiyo.

Atakayesema kwamba haya ni mabishano ya istilahi, na kwamba chakula kinaiva vilevile, na aitazame kaboni monoksaidi kwa mara ya pili. Mkaa ukishakolea, juu yake huchezacheza ndimi ndogo za buluu. Hiyo ni kaboni monoksaidi iliyopanda kutoka chini ya jiko na kukutana na oksijeni ya kutosha juu, ikakamilisha muungano wake mbele ya macho. Ndimi za buluu uwanjani ni burudani. Jiko hilo hilo likiingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango ukafungwa, gesi huanza kujaa bila kukamilika. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Katika damu, oksijeni husafiri kwa kukaa juu ya chembe ya chuma iliyomo ndani ya himoglobini, na kaboni monoksaidi hukishika chuma hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tanurini ilikipokonya chuma oksijeni. Mwilini hukalia kiti ambacho oksijeni ingekikalia. Waliolala hawaamki. Lugha ya ulaji inawaponza watu hapa. Ikiwa moto ni mlaji na moshi ni pumzi yake mbaya, basi mkaa uliokolea, usio na moshi, ni moto uliokwisha kuwa mpole. Pafukapo moshi pana moto, ni kweli, lakini wengi huigeuza methali na kusadiki kwamba pasipofuka moshi pana salama. Anayejua kuwa mkaa unaungana na hewa ya chumbani atauliza swali sahihi: hewa inaingilia wapi, na kilichoungana kinatokea wapi? Swali hilo peke yake hufungua dirisha, au hulirudisha jiko uani.

Limebaki pingamizi ambalo mizani haiwezi kulijibu. Nenda kamwambie aliyeunguliwa na nyumba kwamba hakuna atomu hata moja iliyopotea. Atakuona mkatili, naye atakuwa na haki. Lakini tuangalie amepoteza nini. Hakupoteza kaboni, amepoteza mpangilio. Mwaka 1772 Lavoisier na wenzake walichoma almasi kwa miale ya jua iliyokusanywa na lenzi kubwa, na mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alionyesha kwamba almasi hutoa hewa ukaa sawasawa na uzito uleule wa mkaa. Almasi ya Mwadui na mkaa wa gunia ni kaboni ile ile iliyojipanga tofauti, na bei yote ni bei ya mpangilio. Vivyo hivyo picha ya marehemu ukutani, cheti, shuka iliyotariziwa kwa mkono. Kemia haimwambii aliyeunguliwa kwamba hakupoteza kitu. Inamtajia alichopoteza kwa jina lake. Vitu havipotei, mipango hupotea, na kuipanga tena ni kazi inayolipiwa. Mti wa miaka 30 huwaka jioni moja. Atomu zake zote zingali duniani, lakini zimetapakaa, na hazitajikusanya kwa kusubiriwa. Hapo ndipo lugha ya zamani inapopatia: kuna kitu kweli kinachoteketea. Inakosea tu inapodhani kwamba kilichoteketea ndicho kilichokuwa na uzito.

Na tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa chenye uzito lazima kiwe mahali. Mwaka 1958 Charles Keeling alipoanza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu 315 hivi za hewa ukaa. Sasa zimepita 420. Ongezeko hilo kwa sehemu kubwa ni makaa ya mawe, mafuta, gesi na misitu ambayo watu waliona "imekwisha". Ilikuwa imeungana, ikapaa. Jamii inayodhani moto unakula itaishi kana kwamba anga ni tumbo lisilojaa. Inayojua kwamba kila kilo ya kaboni hupanda ikiwa kilo 3 na ushei haitaacha kupika, maana watu lazima wale, lakini haitajidanganya kuwa taka yake ni kile kiganja cha kijivu. Aliye na hamu ya kuona kinachoweza kuirudisha na atazame jani. Jani huchukua hewa ukaa na maji, yaani majivu mawili halisi ya moto, na kwa malipo ya mwanga wa jua hutengua muungano ule, huiachia hewa oksijeni, na kuibakiza kaboni kuwa sukari, shina na gome. Hizi ndizo ratili 164 za van Helmont. Mwerebi wake ulikuwa ukijengwa kwa maji, alivyosema, na kwa ile gesi aliyoipa jina, jambo lisilomjia akilini.

Jivu lenyewe linaenda wapi? Katika nyumba nyingi halitupwi. Husugulia masufuria, huwekwa chooni, humwagwa kwenye shina la mgomba. Magharibi mwa Kenya maji yaliyochujwa kwenye jivu hulainishia mboga za kienyeji. Davy alipoitenga potasiamu mwaka huo huo wa 1807, siku chache kabla ya sodiamu, aliipa jina kutokana na jivu lililochujwa na kukaushwa chunguni, kwa kuwa huko ndiko watu walikokuwa wameijua bila kuijua. Kwa hiyo kiganja kile cha asubuhi kinaporudi shambani, kinarudi kwao: ni zile wakia 2 ambazo udongo wa van Helmont ulikuwa umekopesha. Sehemu tisa na ushei tulizokuwa tukizitafuta ziko juu yake, hewani, zikipita kwenye matundu ya jani la mgomba ule ule.